Projekti ya Mimea Imededi Shuleni Ukambani? Usiingize Baridi, Hivi Ndivyo Unaiokoa

Hakuna kitu huuma roho kama kutoka darasani ukapata sukuma wiki yako ya projekti imelala chini kama msee ametoka sherehe ya usiku kucha. Juzi ilikuwa imesimama poa. Leo majani yamekunjika, mengine yamekuwa manjano, na ticha ameshasema anakuja kukagua hivi karibuni. Kama unasoma Mwingi, Mutomo, Wote, Kibwezi ama Mtito Andei, hii stori unaijua. Na kama wewe uko Nairobi na una ndugu mdogo huko ushago, ushapigiwa ile simu: “Bro, projekti imededi, nitumie doh ninunue miche mingine.”

Usitume doh bado. Soma hii kwanza, halafu umsomee.

Hizi projekti siku hizi si mchezo. Somo la Agriculture kwa KCSE lina karatasi ya tatu ambayo ni projekti yenyewe, na alama zake zinaingia kwa gredi ya mwisho. Wale wa CBC nao wanakutana na kilimo kuanzia primary mpaka Junior School, na kazi ya mikono inahesabiwa. Ongeza 4-K Club, ile ya tangu miaka ya 1960 iliyozinduliwa upya 2021, na mashindano ya sayansi ya shule. Mche mmoja ukikauka Kitui, kuna mtoto wa mtu analala akiwaza.

Habari njema ni kwamba projekti nyingi zinazoonekana zimekufa bado ziko na maisha. Na hata zile zimekufa kabisa, bado zinaweza kukupa alama ukijua cha kufanya.

Kwanza jua ni nani anakupiga vita

Ukambani iko na misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Disemba. Kwa vitabu, ya Machi ndiyo huitwa mvua ndefu. Lakini uliza mkulima yeyote wa Kitui ama Makueni, atakwambia anategemea zaidi ile ya Oktoba hadi Disemba, kwa sababu ile nyingine humwangusha sana.

Sasa weka kalenda ya shule juu ya hiyo. Muhula wa tatu unaishia wakati mvua ya kuaminika ndiyo inaanza kushika. Muhula wa kwanza unaanza Januari, mvua ishaenda zake, na Februari jua linawaka mpaka mbuzi wanapigania kivuli. Aprili mvua inarudi, na nyinyi mko likizo. Mkifungua muhula wa pili mvua iko mlangoni ikitoka, kisha Juni na Julai ni mawingu, baridi na upepo mkavu bila tone.

Umeona? Mara nyingi projekti ya shule inapandwa wakati ambao susu yako hawezi kupanda kitu. Si ati una mkono mbaya. Umepanda kama uko Limuru na uko Mutomo.

Hata ndani ya kaunti moja mambo hutofautiana. Vilima vya Mbooni na Kilungu kule Makueni viko na ubaridi na mvua kuliko Kibwezi na Makindu huko chini kando ya barabara ya Mombasa. Kwa hivyo ushauri wa binamu yako wa Mbooni unaweza kukuua projekti ukiwa Mtito Andei.

Fanya kama daktari: pima kabla ya kutibu

Kosa linaloua projekti nyingi ni kuona jani limelegea na kukimbilia maji. Wakati mwingine maji ndiyo shida. Chukua daftari, shuka shambani asubuhi na mapema, angalia hivi:

1. Mbegu haikutoka kabisa. Chukua mbegu 10 za pakiti ile ile, zikunje ndani ya tishu ama kitambaa kilicholowa, weka mahali pa joto siku nne au tano, usiache ikauke. Zikitoka 8 na kuendelea, mbegu iko fiti na shida iko kwa udongo, kina ama ndege. Zikitoka 3, ulipanda mbegu mzee. Ndengu na kunde zinataka kina cha sentimita 3 hadi 5. Ukizika chini zaidi zinachoka kabla ya kuona jua.

2. Mche umeanguka ukiwa mdogo. Angalia shingo yake pale inapotoka kwa udongo. Ikiwa imekonda, imekuwa nyeusi na laini, huo ni ugonjwa wa kuoza unaopenda maji mengi na miche iliyosongamana. Punguza maji, punguza miche. Ikiwa imekatwa safi kama kwa makasi, chimba kidogo hapo kando utapata kiwavi mnene amejikunja. Huyo ni sota (si ile sota ya kukosa doh). Hukata usiku, mchana analala. Mtoe kwa mkono.

3. Majani yamelegea. Saa saba mchana kila kitu hulegea Kitui, hata wewe. Angalia tena alfajiri. Kama yamesimama, mmea uko sawa, ulikuwa unajikinga na jua. Kama bado yamelala alfajiri, hapo kuna noma: udongo umekauka chini, ama mizizi inaoza, ama mchwa wameingia. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, ni kiu. Kikitoka na tope, umezamisha mmea mwenyewe.

4. Majani manjano. Yakianza yale ya chini, yale mazee, mara nyingi mmea unakosa naitrojeni. Mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri inasaidia. Ile mbichi ya jana usiweke, itachoma mizizi.

5. Kingo za majani zimeungua na juu ya udongo kuna unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Visima vingi vya kuchimbwa Kitui na Makueni vina maji ya chumvi, unayajua hata kwa chai. Kila ukimwagilia kidogo kidogo, maji yanapaa na chumvi inabaki. Tafuta maji ya tangi la mvua kwa miche midogo. Yakikosekana, mwagilia mengi kwa mara moja ili chumvi isukumwe chini, badala ya kunyunyizia kila saa.

6. Vidudu vidogo vimejaa chini ya majani ya kunde. Hivyo ni vidukari, vinanyonya utomvu. Viponde kwa vidole, ama changanya sabuni kidogo kwa maji, jaribu kwa jani moja kwanza, ukiona liko sawa kesho yake nyunyizia jioni.

7. Mmea umeisha wote, imebaki kijiti. Huyo si mdudu, huyo ni mbuzi. Tafuta miiba, zungusha ua. Hakuna dawa nyingine.

Okoa wale wako hai

Baada ya kupima, gawa mimea yako mafungu matatu: mizima, yenye shaka, na iliyokufa. Kwa ile yenye shaka, kwaruza shina kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chini ya ganda, bado iko na uhai. Ukiona kahawia na kavu mpaka ndani, hiyo imeenda. Usiing'oe bado, nitakwambia kwa nini.

Halafu fanya mambo matatu siku hiyo hiyo.

La kwanza ni kivuli. Miche inayopigania maisha haitaki jua la saa sita. Simamisha vijiti vinne, tandika gunia lililochakaa ama matawi juu, acha upande wa asubuhi wazi. Baada ya wiki moja au mbili anza kukitoa polepole.

La pili ni matandazo, yaani kufunika udongo kwa nyasi kavu ama majani. Weka unene wa sentimita 5 hivi, lakini usiguse shina. Ukambani tuko na mchwa wengi, kwa hivyo kila siku mbili inua nyasi uangalie chini. Kabla ya kufunika, vunja ule ugumu wa juu wa udongo mwekundu kwa kijiti. Huo udongo ukipigwa na maji halafu jua, unakauka kama sakafu, na maji unayomwaga yanateleza tu kando.

La tatu ni maji kwa hesabu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja mraba ni lita moja. Kwa jua kali, kitanda kinaweza kupoteza milimita 5 ama zaidi kwa siku. Kwa hivyo kitanda chako cha mita moja kwa mbili kinataka kama lita 10 kila siku, nusu ya mtungi wa lita 20. Shule ikiwa na foleni ya maji, hizo lita 10 kila siku ni ndoto.

Hapo ndipo chupa za plastiki zinaingia. Chukua chupa ya nusu lita, toboa kifuniko kwa sindano mashimo mawili, kata kitako, izike kichwa chini kando ya mmea, robo yake iwe ndani ya udongo. Jaza jioni. Maji yanaenda kwa mzizi moja kwa moja, hayalishi magugu, na jua halipati kitu cha kuiba. Mimea 20 ikijaziwa nusu lita kila siku mbili, umetumia lita 5 kwa siku. Umekata nusu. Na maji ya kunawa mikono ama ya kusuuza sahani yasiyo na sabuni nyingi yanafaa kabisa.

Kama ni lazima kuanza upya, hesabu siku

Kabla ya kurudia ile ile sukuma, hesabu siku zimebaki mpaka ukaguzi. Hii ndiyo wengi huruka.

Uko na siku 70 na kuendelea? Panda ndengu. Aina ya N26, ile wakulima huita nailoni, hukomaa kwa kama siku 60 hadi 65. Nafasi ya sentimita 45 kati ya mistari na 15 kati ya mimea inatosha.

Uko na mwezi mmoja na kitu? Panda kunde za majani ama mchicha. Baada ya wiki tatu ama nne unachuma, na una kitu cha kupima na kuandika.

Uko na wiki mbili tu? Sahau mavuno. Fanya projekti ya kuota kwa mbegu: kina tofauti, ama maji ya chumvi dhidi ya maji ya mvua. Siku 10 zinatosha kupata majibu ya kueleweka.

Lakini ole wako ubadilishe mmea bila kuuliza. Kwa ile projekti ya KCSE maagizo hutoka KNEC, na wakisema ni mmea fulani, ni huo huo. Nenda kwa ticha na daftari mkononi, mwambie, “Mwalimu, hii ndiyo ilitokea, na hii ndiyo nataka kufanya.” Mwalimu akiona umefuatilia, mara nyingi atakusikiza. Ukienda mikono mitupu na stori za jua, utarudishwa darasani.

Mimea iliyokufa ni data

Sasa ile mimea nilikwambia usiing'oe. Kuna wale wasee wakiona projekti imekauka wanaenda soko usiku wa kuamkia ukaguzi, wananunua miche mikubwa, wanachomeka kwa udongo. Ticha wa kilimo amefanya hii kazi miaka. Anaona udongo umefukuliwa jana. Kufika saa nne asubuhi miche imelala kwa sababu mizizi haijashika. Halafu anaitisha daftari la rekodi, na huna. Hapo umejichoma picha mbele ya darasa lote, na alama zimeenda.

Msee mwenye mimea 12 imekufa na 8 iko hai, lakini ameandika kila kitu, anamshinda huyo. Sayansi inauliza ulifanya nini, ukaona nini, na unafikiri ni kwa nini. Haijauliza kama shamba lako ni zuri kwa picha.

Kwa hivyo geuza swali. Kama projekti yako ilikuwa “mbolea gani inakuza nyanya haraka” na nyanya zimekufa kwa kiu, swali jipya liko mbele ya macho yako: “Je, matandazo yanapunguza kiu ya mmea kwa jua la hapa?” Tengeneza vitanda viwili. Ndengu ile ile, siku ile ile, maji yale yale kwa kipimo cha chupa. Kimoja kifunike, kingine kiache wazi. Badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha maji, mbolea na kivuli pamoja, hutajua ni kipi kilifanya kazi.

Panda angalau mimea 10 kila upande, kwa sababu mmoja pekee unaweza kuliwa na kuku ukabaki bila jibu. Kila siku tatu pima urefu kwa rula, hesabu majani, andika ingapi imekufa na inakaa imeuawa na nini. Wafu wabaki kwa hesabu. Ukiwatoa, unadanganya, na kitanda kibaya kitaonekana kizuri. Kama kuna simu ya mwalimu, piga picha kutoka mahali pamoja kila mara. Mwisho tafuta wastani wa kila upande, chora grafu.

Na ukipanda kunde ama ndengu, siku ya mwisho ng'oa mmea mmoja taratibu, uoshe mizizi. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria waliomo wako kazini wakitoa naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Onyesha ticha hiyo, halafu mweleze kwa nini ndengu haikuomba mbolea nyingi. Atakuangalia tofauti.

Maabara kubwa iko nje ya geti

Watu hudhani sayansi ni ile ya koti jeupe. Lakini Ukambani yote imekuwa ikifanya hii projekti yako kwa miaka mingi. Kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, kilitoa mahindi ya Katumani yanayokomaa kwa miezi 3 hadi 4, wakati mahindi ya nyanda za juu kama H614 yanaweza kuchukua miezi 6 na zaidi. Ujanja wake ni kumaliza kazi kabla jua halijafika. Ndengu ndiyo hivyo hivyo, na ndiyo maana serikali ya Kitui chini ya Charity Ngilu iliisukuma sana kama zao la biashara.

Nenda mto mkavu ulio karibu na shule. Ukiona ukuta wa saruji umekatiza mto na mchanga umejaa nyuma yake, hilo ni bwawa la mchanga. Kitui na Makueni wanajulikana duniani kwa hayo mabwawa. Maji yanajificha kati ya chembe za mchanga, jua haliyafikii, na watu wanachota miezi baada ya mvua kuisha. Matandazo yako ni wazo lile lile: ficha maji yasionane na jua.

Au angalia mashimo ya zai ambayo wakulima wengi wa Makueni wanachimba sai. Shimo linapokea maji na mbolea mahali pamoja, mbegu inakaa ndani. Msee aliyefanya yajulikane ni Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, mkulima ambaye wengine kijijini walimwona kichaa. Mwaka wa 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Alifariki 2023, na mashimo yake bado yanalisha watu.

Kwa hivyo kabla ya kupiga simu Nairobi kuomba doh, muulize susu ama umau wako alipanda nini ule mwaka mvua ilikataa, na alipanda vipi. Andika jibu lake kwa daftari, na uandike ni nani alikwambia. Hiyo pia ni utafiti.

Na kama bado unaona aibu, kumbuka Wangari Maathai. Juni 5, 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi. Mingi yake haikupona. Angeweza kusema mambo ya miti yamemshinda. Badala yake walijifunza, akina mama wakaanza kuotesha miche yao karibu na nyumbani, na Green Belt Movement ikapanda mamilioni. Mwaka wa 2004 akachukua Nobel.

Wewe hutafuti Nobel, unatafuta alama na usingizi. Leo jioni tafuta chupa tano, sindano moja na nyasi kavu. Kesho alfajiri shuka shambani ukakwaruze shina. Ukiona kijani, projekti iko hai. Ukikosa, una data, na siku bado ziko.